Kuku wa Mjimwema

Nyumba njema si mlango, walinena wazee wetu. Nasi twaongeza kwamba kiongozi mwema si hotuba. Mwananchi atakaye kumjua kiongozi wake sawasawa asitosheke na maneno aliyoyasikia uwanjani siku ya mkutano. Na atazame nyumbani kwake: wanaishije, wanapata kutoka wapi, na ni nani ndani ya nyumba ile anayenufaika na cheo cha mwenye nyumba. Kwa sababu hiyo leo twapenda kuzungumza nanyi, ndugu wasomaji, si habari za Rais wala za Waziri, bali habari za mtu ambaye Katiba yetu haimpi cheo, wala hapigiwi kura, lakini kila siku hubeba sehemu ya mzigo wa uongozi. Huyo ni mke wa kiongozi. Na siku hizi yatupasa kusema pia, mume wa kiongozi.

Mfano wetu hauko mbali. Mtu aliyeko Mbagala akishika Barabara ya Kilwa kwenda kusini, akafika Kongowe, ataikuta njia ya kushoto inayokwenda Mjimwema na kuishia kwenye feri ya Kigamboni. Mjimwema ni sehemu ya Kigamboni, na kwa miaka mingi sehemu zote hizo zilikuwa chini ya Wilaya ya Temeke, kama ilivyo Mbagala, kabla Kigamboni haijafanywa kuwa wilaya ya peke yake. Hapo Mjimwema ndipo Mama Maria Nyerere, mke wa Rais wa kwanza wa nchi yetu, alipokuwa na shamba lake la kuku. Na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, shamba hilo alilitoa, likawa mali ya kijiji cha ushirika.

Habari hiyo ni fupi, na aghalabu husimuliwa kwa mstari mmoja, kisha watu wakaendelea na mambo wanayoyaona kuwa makubwa zaidi. Sisi twaona kwamba imebeba jambo kubwa, na kwamba wanachama na wafanyakazi wa leo wana haja ya kulifikiri.

Kwanza, tumjue mwenye kuku. Si haki kumtazama mama huyu kana kwamba alikuwa kivuli cha mumewe. Maria, binti wa Mzee Gabriel Magige, alizaliwa mwaka 1930 huko Baraki, Tarime, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Mara. Alisoma kwa masista wa Nyegina karibu na Musoma, akaendelea Ukerewe, kisha akapata mafunzo ya ualimu Sumve, Mwanza. Wakati ule wazazi wengi waliona kwamba kumpeleka binti shule ni kumpotezea muda wa kuolewa, na wasichana waliofika chuo cha ualimu walikuwa wachache mno. Aliporudi Nyegina alirudi akiwa mwalimu, akashika chaki na kufundisha watoto. Alikuwa na kazi yake na ujira wake kabla hajawa mke wa mtu yeyote.

Kijana aliyemchumbia, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu kama yeye. Mwaka 1949 kijana huyo alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarudi mwaka 1952. Walifunga ndoa Januari 1953, wakahamia Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, ambako bwana alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko. Mtu angedhani kwamba sasa walimu wawili wamepata maisha ya utulivu. Lakini Julai 1954 TANU ilizaliwa, na Machi 1955 Rais wa TANU alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi aliambiwa achague moja, ualimu au siasa. Akaacha ualimu.

Ndugu mfanyakazi, wewe wajua vema maana ya mwisho wa mwezi usio na mshahara. Historia huandika kwamba Mwalimu alijiuzulu kwa ajili ya Taifa, nayo ni kweli tupu. Lakini mshahara ulipokatika ulikatika kwa nyumba nzima. Mtoto mchanga hajui siasa. Akisikia njaa hulia. Kwa miezi kadhaa walirudi kwao Mara, na baadaye wakaja tena Dar es Salaam kuendelea na kazi ya chama. Katika siku hizo za shida Mama Maria aliendesha duka dogo la mafuta ya taa. Biashara hiyo haina fahari. Mikono hunuka mafuta kutwa kucha, mteja huja na chupa yake akitaka ya kutosha koroboi moja, na faida huhesabiwa kwa senti. Hata hivyo senti hizo ziliisaidia nyumba ambayo mwenyewe alikuwa akizunguka nchi nzima akiwaambia watu kwamba wanaweza kujitawala.

Basi, Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, na Jamhuri ikatangazwa mwaka mmoja baadaye, mama aliyeingia Ikulu hakuwa mtu wa kukaa akingoja kuhudumiwa. Alikuwa amekwisha kuzoea kufanya kazi na kujipatia chake. Si ajabu, basi, kwamba alifuga kuku.

Nasi watu wa Mbagala twaijua kazi ya kuku. Pita uchochoro wowote wa Charambe, Kizuiani au Mbagala Kuu, utayaona mabanda nyuma ya nyumba, mengine ya mbao na waya, mengine ya mabati yaliyochakaa. Mwenye banda, mara nyingi, ni mama wa nyumba. Anajua kwamba yai huchukua siku 21 hata liwe kifaranga; kwamba kuku wa mayai hulishwa miezi kama mitano kabla hajaonyesha shukrani; kwamba bei ya chakula cha kuku ikipanda na bei ya trei la mayai 30 ikibaki pale pale, kazi yote imekuwa bure. Anajua pia kwamba kideri kikiingia bandani kabla ya chanjo, jioni ana kuku mia na baada ya siku chache hana hata wa kumchinjia mgeni. Kuku ndiyo benki ya mwanamke asiye na mshahara. Ada ya shule hutoka hapo, dawa ya mtoto hutoka hapo, mchango wa msiba hutoka hapo. Fedha hiyo haombi kwa mtu, wala hatoi hesabu kwa mtu.

Kwa hiyo mwanamke anapoambiwa aliache banda lake, tusidhani kwamba ameambiwa aache jambo dogo.

Sasa na tulitazame Azimio. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio likatangazwa mjini Dar es Salaam tarehe 5 Februari. Watu wengi hukumbuka zaidi habari za mabenki na viwanda kuwa mali ya umma. Lakini sehemu iliyowagusa viongozi nyumbani kwao ni ile ya miiko ya uongozi. Kiongozi alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki katika mambo ya kibepari wala ya kikabaila. Asiwe na hisa katika makampuni. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha.

Kisha likaja neno ambalo ndilo shina la makala haya. Azimio lilieleza kwamba anapotajwa kiongozi, maana yake si mtu peke yake: ni mume pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Hapana shaka waliotunga maneno hayo waliwajua binadamu. Walijua kwamba baba akifungiwa mlango wa mbele, mama akaachiwa mlango wa uani, mali itapita uani. Nyumba ya kupangisha ingeandikwa jina la bibi, hisa zingeandikwa jina la bibi, na mzee angesimama jukwaani mikono mitupu, akiapa kwamba hana kitu. Waliufunga mlango wa uani.

Lakini, ndugu msomaji, isome tena miiko ile minne uone. Hutakuta neno kuku. Hutakuta neno yai. Mtu mwenye kupenda ubishi angeweza kusema: huyu mama si mkulima? Kufuga si ukulima? Azimio lenyewe lasema kiongozi awe mkulima! Na hoja hiyo ingesikika mbele ya baraza lolote. Viongozi kadha wa kadha, wa zamani na wa sasa, wamesimama juu ya hoja dhaifu kuliko hiyo na hawakuanguka.

Hoja hiyo haikutumika. Shamba la Mjimwema lilitolewa kwa kijiji cha ushirika. Na Mwalimu naye aliuza nyumba yake ya pili, iliyokuwa Magomeni. Ndipo watu wakaona kwamba miiko haikuandikwa kwa ajili ya makatibu wa wilaya tu. Ilianzia nyumbani kwa yule aliyeitangaza.

Hapa twapenda kuwa waangalifu, maana sifa zisizopimwa hazina manufaa kwa msomaji. Yuko mtu atakayeuliza, na swali lake ni la haki: je, ilikuwa sawa kwa wanawake? Mume alikuwa na mshahara wa cheo. Mke hakuwa nao. Mume alipoacha biashara alibakiwa na kazi. Mke alipoacha biashara alibakiwa na nini? Na ndoa ikivunjika, je? Na mume akifa, je?

Swali hilo si la kubuni. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza kina mama wa TANU tangu siku za mwanzo, na ambaye sauti yake iliwaingiza maelfu ya watu chamani, alijiondoa katika uongozi mwaka 1967, na sharti la nyumba za kupangisha ndilo lililotajwa kuwa sababu. Watu wa Dar es Salaam wa wakati ule walimwelewa, hata waliompinga. Mwanamke wa mjini asiyekwenda skuli sana hakuwa na njia ya kupata kazi ya ofisini. Alijinyima, akauza maandazi, akajenga chumba kimoja, akaongeza cha pili, akapangisha. Nyumba ile ndiyo pensheni yake. Kumwambia kwamba yeye na mwenye majumba kumi wote ni wanyonyaji lilikuwa jambo gumu kumeza.

Sisi hatulifichi jambo hilo. Twasema kwamba wanawake hao wawili, mmoja aliyetoa na mmoja aliyekataa, wanatufundisha kitu kimoja: kwamba mali ya mwanamke ni kitu halisi chenye jasho lake, si pambo la mali ya mume. Kama kuku wa Mjimwema wasingekuwa na thamani kwa Mama Maria, kuwatoa kusingekuwa na maana yoyote. Na kama nyumba za Bibi Titi zisingekuwa na thamani kwake, asingeacha heshima ya uongozi kwa ajili yake. Kwa hiyo tusiseme kwa wepesi, kama wasemavyo wengine, kwamba Mwalimu alitoa shamba la kuku. Shamba lilikuwa la mkewe. Deni la shukrani lilipwe kwa mwenye kulistahili.

Miaka ikapita. Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka Urais, akarudi Butiama na mkewe, wakalima. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikalegeza miiko: mwanachama akaruhusiwa kuwa na hisa, kupokea zaidi ya mshahara mmoja, na kupangisha nyumba. Nchi ilikuwa imeingia njia nyingine. Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu alifariki dunia mjini London, na Mama Maria akabaki mjane. Hakuna aliyesikia kwamba mjane yule ana majumba ya ghorofa mjini wala akaunti katika nchi za mbali. Hiyo peke yake ni hotuba.

Je, baada ya mwaka 1991 mke wa kiongozi aliachwa huru kabisa? La. Mwaka 1995 Bunge lilitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Sheria hiyo humtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake, na ndani ya tamko hilo aingize mali ya mwenzi wake wa ndoa na ya watoto wake wadogo wasiooa wala kuolewa. Yaani lile neno la Arusha, kwamba kiongozi ni mtu na mwenzi wake, halikufutika lote. Lilipunguzwa makali. Zamani mke aliambiwa: acha. Siku hizi mume huambiwa: taja.

Na kutaja si jambo dogo kama likifanywa kwa kweli. Lakini tofauti iko wazi. Aliyeacha amekwisha, hana la kuulizwa tena. Aliyetaja bado yampasa aulizwe kila mwaka: mali hii ilikuwaje mwaka jana, na imeongezekaje?

Wake wa marais waliofuata walishika njia zao. Mama Anna Mkapa alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote mwaka 1997. Mama Salma Kikwete alianzisha WAMA mwaka 2006. Mama Salma, na Mama Janeth Magufuli baada yake, walikuwa walimu wa shule ya msingi, kama alivyokuwa binti wa Mzee Magige kule Nyegina. Kisha Machi 2021 Mama Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais, na kwa mara ya kwanza mwenzi wa Rais wetu akawa mwanamume, Bwana Hafidh Ameir, aliyepata kuwa mtumishi wa kilimo. Ndipo yale maneno ya mwaka 1967, mwanamke pamoja na mumewe, ambayo pengine wengi waliyapita kama nyongeza tu ya mwandishi, yakapata mwenyewe baada ya miaka 54.

Ndugu wasomaji, tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ikulu peke yake. Yashusheni mpaka Mbagala. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hiyo ndiyo iwezayo kumnunulia mama wa Charambe vifaranga na chakula chao. Sasa fikirini: kikundi cha kina mama kinaandikishwa, na mwenyekiti wake ni mke wa diwani. Huenda mama huyo ni mchapakazi kuliko wote, na kikundi chake ni kizuri kuliko vyote. Sheria haimnyimi haki yake ya uanamke. Lakini mwenzake wa uchochoro wa pili, aliyenyimwa mkopo, ataamini nini? Na vizimba vya soko vikigawiwa, na cha kwanza kikaangukia kwa shemeji wa mjumbe, watu watasema nini?

Hatumshitaki mtu. Twauliza swali ambalo kila nyumba ya kiongozi yapaswa kujiuliza usiku, taa zikiwa zimezimwa: je, hiki tulicho nacho tungekipata kama cheo kisingekuwamo humu ndani? Jibu likiwa ndiyo, basi na kitajwe mchana kweupe bila haya, maana jasho halina aibu. Jibu likiwa siyo, basi njia ya Mjimwema inajulikana.

Wala swali hili lisiwe la wake tu. Yako mazoea mabaya ya kumlaumu mwanamke kila kiongozi anapoharibika, ati ni tamaa ya bibi iliyomponza. Maneno hayo ni ya uongo na uvivu. Mke akitumwa kuandikisha kiwanja kwa jina lake, aliyemtuma ana jina pia. Na mume wa diwani au wa mbunge aliye mwanamke yuko chini ya kipimo kile kile. Azimio lilisema hivyo tangu zamani, na Sheria ya mwaka 1995 hutumia neno mwenzi bila kuangalia kama ni mume au mke.

Mjimwema ya leo si ile ya mwaka 1967. Nyumba zimejaa, na tangu mwaka 2016 magari huvuka Daraja la Kigamboni bila kungoja feri. Mbagala nayo, iliyokuwa mashamba ya minazi na mikorosho, imekuwa mji wa watu wasiohesabika. Hatujengi mnara kwa ajili ya kuku. Ahadi ni deni. Na aliyesimama mbele ya watu akaahidi kuwatumikia amekopa yeye na nyumba yake. Mama Maria alilipa fungu lake kwa kitu alichokitolea jasho, wala hakungoja aandikiwe barua.

Siku mtakapopiga kura tena, ya mtaa, ya tawi au ya chama cha wafanyakazi, msikilizeni mgombea anasema nini. Kisha, kwa heshima na bila chuki, ulizeni habari za banda la kuku.